Watu wa Alasiri

Jumapili, 1 Machi

Leo Cyrus ameamka kabla yangu. Naliandika hilo kwanza kwa sababu halijatokea tangu Krismasi. Nilitoka chumbani nikamkuta mezani, amenyoa ndevu, amevaa shati la ofisini, laptopu iko wazi mbele yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Kazi," akasema.

Nikaenda jikoni nisije nikaiharibu.

Mradi wa kupima miti kule Kasigau ulifungwa Desemba. Miaka yote ile Cyrus alikuwa mtu wa data. Vijana walizunguka msituni na utepe wa kupimia, yeye akakaa ofisini akiingiza unene wa kila mti na kuwaambia wageni msitu umemeza hewa ya ukaa kiasi gani. Walipofunga walimwachia laptopu na barua ya shukrani. Januari yote alilala akiangalia ukuta. Sikujua mwanamume mwenye afya anaweza kulala hivyo. Nilimpelekea uji, nikamgombeza, nikamwita mchungaji, nikamgombeza tena. Binti yetu Abigael, aliye gredi ya nne, akaanza kutembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole kana kwamba kuna mgonjwa mahututi.

Kwa hivyo leo, hata kama angekuwa anachapisha noti bandia, ningemkaangia yai. Nimemkaangia mawili.

Jumanne, 3 Machi

Joto la kuchoma. Hakuna wingu. Bado yuko mezani.

Ijumaa, 6 Machi

Nimejua kazi ni nini. Ni gofu.

Si kucheza. Ni kubeti. Mwezi wa Aprili kuna mashindano makubwa kule Amerika, siku nne, na mume wangu wa mtaa wa Mwakingali, Voi, anakusanya data za wachezaji.

"Cyrus, wewe hujawahi kukanyaga kiwanja cha gofu."

"Nimeona kwa TV."

"Na miti ulikuwa unapima kwa TV?"

"Miti sikuwa napima mimi. Mimi nilikuwa na namba. Hata hapa nina namba."

Akanieleza, na alieleza vizuri, lazima niseme. Mpira kila mtu Voi anaujua, kwa hivyo bei zake zimebana. Gofu hakuna anayeifuata hapa. Kampuni ya kubeti inatoa bei kwa kila mchezaji, na ile bei ni maoni tu, maoni ya kampuni kuhusu nafasi ya yule mtu kufanya vizuri. Ukiwa na data nzuri kuliko yao utampata mtu wanayemdharau. Hutafuti atakayeshinda. Unatafuta aliyewekewa bei isiyo yake. Hiyo ndiyo thamani, na mtu anayenunua thamani kila mara, mwishowe hapotezi.

Nilitafuta kosa ndani ya maneno yale nikalikosa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na iliniudhi.

Kisha akafika penye siri yake. Wachezaji hawaanzi pamoja. Wengine hutoka asubuhi, wengine mchana, na kule upepo huamka baada ya adhuhuri. Anayecheza alasiri anapigana na upepo. Sasa mtu ambaye bahati yake mbaya imempa alasiri mara nyingi ataonekana wa kawaida kwenye matokeo, kumbe ni hodari kuliko anavyoonekana. Hao ndio anaowatafuta. Anawaita watu wa alasiri.

Jumatatu, 9 Machi

Kaka yangu Vincent amepiga simu kutoka Mata, upande wa Taveta. Kikundi chao cha kumwagilia ndizi kinataka msimamizi wa zamu za maji, mtu wa kuandika nani amefungua mfereji lini na nani ameiba zamu ya mwenzake. Waligombana hadi wakakatana mapanga mwaka jana, kwa hivyo wanataka mtu wa nje, mtulivu, anayejua kuweka rekodi. Vincent amewatajia Cyrus na wamekubali. Kuna mshahara, kuna chumba, na nyumbani anaweza kuja kila wikendi. Kazi inaanza Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Aprili.

"Lakini dada, hawatakaa wakimngoja. Siku hiyo wanagawa zamu mpya. Asipokuwepo watamweka mwingine palepale."

Nilimpa Cyrus simu nikijua atakataa. Hakukataa. Alitoka nje na simu, akarudi akasema mashindano yanaisha Jumapili, Jumatatu atakuwa Mata.

Nimefurahi kiasi cha kujionea aibu. Acha abeti. Acha aende Amerika kwa laptopu, mradi Jumatatu ile awe ndani ya basi. Amesimama, na mtu aliyesimama anaweza kutembea.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nami nimeingia kazini. Matokeo ya miaka ya nyuma yako kwenye kurasa ambazo ni picha tu, hazinakiliki. Lazima mmoja asome na mwingine aandike. Mimi nasoma kwenye simu, yeye anaandika kwenye laptopu bila kuinua macho, vidole vinakimbia. Majina ya wale watu yalinishinda ulimi, na Abigael akaamua kuwapa majina kutokana na picha zao. Kuna Kofia, kuna Mrefu, kuna Ndizi mwenye shati la manjano, kuna Kimya, na kuna mmoja anayefanana kabisa na mchungaji wetu, naye tukamwita Mchungaji.

"Mchungaji," nasoma, "saa moja na dakika arobaini, mapigo sabini na mbili. Ndizi, saa saba na dakika kumi, mapigo sabini na moja."

"Ngoja. Ndizi saa ngapi?"

"Saba na kumi."

"Sawa. Endelea."

Tulianza baada ya chai na tukaendelea hadi chakula cha mchana kikaungua. Abigael alicheka mpaka akalala sakafuni. Sikumbuki mara ya mwisho sisi watatu kukaa meza moja namna hiyo.

Jumanne, 17 Machi

Kurasa nyingine kumi. Sauti imenikauka. Mawingu upande wa milima ya Taita, huku kwetu hakuna.

Jumamosi, 21 Machi

Nilimdharau Cyrus kwa muda mrefu, naona sasa. Nilidhani kazi yake ya mradini ilikuwa ya kubonyeza tu. Leo ameweka data zote pamoja, akapunguza makali ya upepo kwa kila anayecheza alasiri, akapanga wachezaji upya, na watano wakaruka kutoka chini hadi juu: Kofia, Mrefu, Ndizi, Kimya na Mchungaji. Kampuni imewaweka hao watano kama watu wa kusindikiza wenzao. Jedwali letu linasema kila mmoja ana nafasi mara mbili au tatu ya ile anayopewa.

"Unaona?" akaniuliza.

Niliona. Nilikagua kila hatua, na hesabu ilikuwa safi. Nilimshika shingo kwa nyuma kama tulivyokuwa zamani, naye akaegemeza kichwa mkononi mwangu. Nilianza kuamini. Naandika hivyo ili nisije kesho nikasema ilikuwa ya kwake peke yake.

Jumatano, 25 Machi

Mawingu mchana kutwa. Hayakutoa kitu.

Ijumaa, 27 Machi

Nimerudi kutoka Mraru, ninakofundisha, nikakuta tangi halipo.

Lile tangi jeusi la maji ya mvua, lililokaa kando ya nyumba tangu Abigael azaliwe, limeacha duara la saruji na mjusi mmoja katikati. Jirani yetu Maundu, anayefyatua matofali, amelinunua; alikuja na mkokoteni akalibeba. Cyrus alimsaidia kulifunga kamba.

"Ni wiki mbili tu," alisema. "Beti ndogo kwa thamani kubwa ni kazi bure. Nitanunua mawili."

"Cyrus, huu ni mwezi wa mvua. Watu wanafunga matangi, wewe unafungua?"

"Bomba la uani liko."

"Bomba likikauka? Nitakoga kwa jedwali?"

"Uliliona mwenyewe, Mama Aby. Ulisema hesabu iko safi."

Hapo aliniweza. Nilikuwa nimesema. Lakini kusema hesabu ni safi si kusema uza tangi, na alijua, ndiyo maana alingoja niwe shuleni. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alirudi mezani akafungua laptopu, na nilipoona mgongo wake umeinama vile niliingiwa na hofu ya ukuta, nikanyamaza. Nimenyamaza na hasira yangu yote ndani. Abigael amerudia kutembea kwa ncha za vidole.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imenyesha. Bila shaka imenyesha. Maji yalitoka kwenye mfereji wa paa yakapiga duara la saruji, yakapita uani, yakaenda barabarani. Nilitoa sufuria, beseni, ndoo, hata birika la chai. Vyote vilijaa na maji yakaendelea kupita. Maundu alinipungia mkono akiwa chini ya paa lake.

Alhamisi, 2 Aprili

Shule zimefungwa. Mvua kila siku sasa. Vincent amepiga simu kuuliza kama shemeji bado anakuja. Nimesema anakuja.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Tumelala Kasigau kwa mama mkwe, kijijini Rukanga. Njia kutoka Maungu ilikuwa tope tupu na tulishuka mara mbili kusukuma gari. Tumemkuta Mama Jedidah amesimama katikati ya shamba lake la pojo. Ndovu walipita juzi. Hakukuwa na pojo, kulikuwa na mashimo ya nyayo yaliyojaa maji, kila moja linatosha kuogeshea mtoto. Hakulia wala hakulaani. Alisema wamekula mapema mwaka huu, akaenda kuwasha moto.

Baada ya ibada aliniita jikoni peke yangu. Ni mke wa mzee wa kanisa na anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, lakini mambo ya nyumbani kwao hajayaacha.

"Wakio, una kitu hapa," akanigusa kifuani.

"Sina, Mama."

"Unacho. Cyrus ameniambia ana kazi kubwa wiki hii na baadaye anaenda Mata. Ukimshikia hasira moyoni, mambo yake hayaendi. Hata ukicheka naye, hayaendi. Itoe."

Akanipa maji kwenye kikombe. Anataka nitase, kama watu wa kwao wanavyofanya tangu zamani: unatia maji kinywani, unayarusha nje yakatawanyika, na unaitamka hasira yako itoke, na mambo ya yule mtu yafunguke. Wanaamini hasira ya mtu wa karibu ndiyo inayoharibu zaidi, kuliko ya adui. Nilikwenda mlangoni. Nikarusha maji mara ya kwanza nikasema, kama nilimkasirikia Cyrus, na itoke. Mara ya pili nikasema njia yake iwe nyeupe. Mama Jedidah aliitikia kwa kila neno, amefumba macho.

Nilisema maneno yote. Hasira haikutoka. Nilikuwa naangalia maji yale yakianguka kwenye tope na nilikuwa nafikiria tangi. Nimemdanganya mama wa watu siku ya Pasaka.

Jumanne, 7 Aprili

Nimejua jambo, na sijalisema.

Leo orodha ya saa za kuanza imetoka kule Amerika. Hii haikuwa picha, na Cyrus hakunihitaji. Alijisomea mwenyewe kwa sauti, tarakimu kama zilivyo, kama walivyokuwa wakisomeana ofisini mradini: "Mchungaji, saba arobaini." Akaandika saba, nukta mbili, arobaini.

Nilikuwa nachambua mchele. Ndani ya kichwa changu nilisema, saa moja na dakika arobaini. Mikono ikasimama.

Niliinuka nikamwomba anionyeshe jedwali la zamani. Mstari wa kwanza wa Mchungaji ulikuwa moja na arobaini.

"Hii ni saa ngapi?" nikamuuliza.

"Si imeandikwa? Moja na arobaini. Alasiri, baada ya chakula."

Nikasema sawa. Nikaenda chumbani na simu nikafungua ule ukurasa wa kwanza. Kule Amerika wameandika saba na arobaini, asubuhi. Mimi niliposoma nilisema saa moja na dakika arobaini, kwa sababu ndivyo tunavyosema, jua likishachomoza ni saa moja. Yeye aliandika moja. Na Ndizi, ambaye siku ile moja alicheza saba mchana yetu, saa ambayo Wazungu huandika moja, nilisema saa saba, naye akaandika saba, ikawa asubuhi. Nilikagua ukurasa mzima, kisha mwingine. Kila mtu wa asubuhi tumempeleka alasiri na kila wa alasiri tumemleta asubuhi. Hakuna mstari hata mmoja ulioonekana wa ajabu, maana saa zote ni saa ambazo mtu anaweza kucheza.

Tumewapunguzia makali ya upepo watu ambao mara nyingi hawakuuona. Kampuni haikuwadharau. Iliwajua.

Cyrus alikuwa bafuni akiimba. Sikuweza.

Jumatano, 8 Aprili

Nimemwambia. Nilisubiri Abigael aende kucheza, nikaweka simu mezani karibu na laptopu, nikamwonyesha mistari mitatu. Wa nne alionyesha yeye mwenyewe.

Nilijitayarisha kwa kelele. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mradini walikuwa wanasoma saba, naandika saba."

"Na mimi nilidhani unageuza."

"Na mimi nilidhani unasoma."

Kugeuza kulikuwa rahisi. Aliongeza saa sita kwenye safu yote na jedwali likajipanga upya tukiangalia. Kofia alishuka. Ndizi, Mrefu na Kimya wakashuka, Mchungaji akashuka hadi nisimwone. Tukalinganisha na bei za kampuni mmoja baada ya mwingine, na kila tulipofika hesabu yetu na yao ilikuwa ileile, au tofauti ya kitu kisicho na maana. Tulimaliza orodha nzima. Hakukuwa na thamani popote. Ile kazi yote ya mwezi mzima, ikifanywa sawasawa, inasema kampuni iko sahihi.

Cyrus alifunga laptopu taratibu. Aliingia chumbani akalala na viatu, uso ukutani.

Nilikaa mezani. Nilijiambia hii ni nafuu, beti haijawekwa, pesa ya tangi ipo, Jumatatu ni Mata, ataamka. Nilijiambia mara nyingi. Lakini nilikuwa nasikia jinsi anavyopumua kule ndani na ilikuwa ni Januari ileile, hata harufu ya chumba ilikuwa ya Januari. Nilipika, nikamwita, hakuja.

Mvua ilipoanza alitoka. Alichukua simu yake, akasimama mlangoni, akaanza kubonyeza. Nikajua.

"Unaweka nani?"

"Wale wale."

"Cyrus, tumeona pamoja kwamba ni kosa."

"Tumeona."

"Basi?"

Alimaliza kubonyeza kwanza. Kila mmoja wa wale watano, amalize ndani ya watano wa kwanza. Pesa yote ya tangi.

"Nimelala pale nikaangalia ule ukuta, Mama Aby," akasema. "Siwezi kurudi pale. Kesho asubuhi lazima niwe na kitu cha kufungua."

Ningeweza kumnyang'anya simu kabla. Nguvu zangu ni karibu sawa na zake. Sikumnyang'anya. Nilimwona amesimama.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Yameanza kule.

Ijumaa, 10 Aprili

Ndizi na Kofia wako nyuma kabisa. Anasema ni siku ya kwanza tu.

Jumamosi, 11 Aprili

Baada ya siku mbili wanaoshindwa hurudishwa nyumbani. Wanne kati ya watano wetu wamerudishwa. Amebaki Mchungaji, naye yuko mkiani, amenusurika kwa pigo moja.

Sijawahi kufurahia kushindwa kwa mtu wangu kama leo. Nilificha uso kwenye kabati. Nikatoa begi, nikatia mashati mawili, gambuti, tochi, koti la mvua. Cyrus aliniangalia nikipakia. Baadaye akauliza kama Mata kuna mtandao.

"Vincent anasema kuna, ukisimama karibu na mfereji."

Akacheka kidogo. Akaniomba niongeze kalamu. Nilikwenda nje nikampigia Vincent nikamwambia shemeji yuko kwenye basi la kwanza Jumatatu, aje amngoje stendi ya Taveta.

Jumapili, 12 Aprili

Kanisani mchungaji wetu alihubiri vizuri, nami nikiwa nimemkazia macho nilimwomba Mungu amwangushe yule anayefanana naye. Begi liko mlangoni.

Jumatatu, 13 Aprili

Aliniamsha kwa kunitikisa mabega. Mchungaji amemaliza wa tatu.

Nilikaa kitandani nikamsikiliza akieleza. Siku ya mwisho walio mkiani hutangulia kucheza, wanaoongoza hutoka mwisho. Kwa hivyo Mchungaji alitoka asubuhi na mapema, hewa imetulia, akacheza mchezo wa maisha yake. Kisha upepo ukaamka. Walio mbele wakaanza kuangusha mipira majini mmoja baada ya mwingine, yeye ameshavua viatu anakula. Mtu wetu wa alasiri ametulipa kwa kucheza asubuhi.

"Cyrus, hiyo si data. Hiyo ni bahati. Ukichukua watu watano wowote wa bei ile, mara nyingine mmoja ataponea."

"Jedwali lilisema Mchungaji."

"Jedwali liliharibika."

"Lakini lilisema Mchungaji."

Alikuwa anang'aa. Alimbeba Abigael akamzungusha, mtoto akapiga mayowe ya furaha. Nilisema basi litaondoka. Akaliangalia begi kama ni la mgeni.

"Niende nikafungulie ndizi maji, na nimeshinda Amerika?"

Nilimsihi. Nilisema aende mwezi mmoja. Nilisema aende wiki moja, aende na laptopu, abeti akiwa juu ya mfereji. Nilishika mkono wake nikalia mbele ya mtoto, kitu ambacho sijafanya hata baba yangu alipofariki. Alinipapasa mgongo kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, na basi likaenda.

Vincent alipiga simu kutoka stendi. "Dada, nimesimama hapa. Watu wa zamu wamekaa chini ya mti wa mkutano wananingoja. Niwaambie nini?"

Nikasema wasimngoje.

Jumatano, 15 Aprili

Kazi ya Mata amepewa kijana anayeitwa Valentine. Vincent anasema anaandika vizuri. Nimefungua begi nikarudisha mashati.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Nilimuuliza Cyrus kuhusu tangi, maana pesa anayo. Amesema hiyo si pesa, ni mtaji. Maundu ametuuzia ndoo mbili za maji yetu, maana bomba limekauka siku ya tatu sasa.

Jumapili, 26 Aprili

Kuna mashindano mengine makubwa Mei. Mama Jedidah alipiga simu kunishukuru, amesikia mwanawe amefanikiwa. Alisema, unaona sasa, ulitoa hasira. Nikamwambia naona.

Baada ya chai Cyrus aliniita mezani. Alikuwa amenyoa, amevaa lile shati. Kurasa za kiwanja kipya zilikuwa tayari kwenye simu, nazo ni picha. Nilikaa. Nikasoma tarakimu kama zilivyo, polepole, nikihakikisha: "Saba arobaini, asubuhi."

Aliondoa mikono kwenye laptopu.

"Hapana. Soma vile ulikuwa unasoma."

"Cyrus, vile itakuwa alasiri. Na mtu alicheza asubuhi."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, Mama Aby. Ile sawa tuliijaribu, haina kitu ndani. Wewe soma vile ulikuwa unasoma."

Nilimwangalia. Hakuwa na wazimu, ningependa awe nao. Alikuwa mume wangu, macho yake yametulia, ameamka kabla ya jua kama kila siku tangu Machi, vidole tayari. Nyuma yake mlango wa chumbani ulikuwa wazi na nilikiona kitanda, na ukuta. Mtoto alikuja akavuta kiti akakaa nasi, anauliza majina ya wachezaji wapya.

"Saa moja na dakika arobaini," nikasoma.

Cyrus akaandika moja, nukta mbili, arobaini, akangoja inayofuata. Nikamsomea inayofuata.